Mbegu Kukomaa Si Kuiva: Kosa Letu Kuhusu "Ufunguo" wa Utungisho

Oktoba 2024 watafiti wa Vienna, wakishirikiana na wenzao wa Japani na kwingineko, walichapisha katika jarida la Cell matokeo yaliyopokewa kwa shangwe. Waliitumia programu ya akili mnemba ya AlphaFold, ileile iliyowapatia waundaji wake Tuzo ya Nobeli ya kemia mwezi huohuo, kukisia ni protini zipi za utando wa mbegu ya kiume zinazoshikana. Programu ikawaelekeza kwenye protini ambayo wengi hawakuwa wakiihesabu, TMEM81, inayoungana na nyingine mbili zilizokwisha kujulikana, IZUMO1 na SPACA6, na zote tatu zikafanya fungu moja la kulishikia yai. Samaki na panya madume walionyimwa jeni ya TMEM81 hawakuzalisha. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba ufunguo wa utungisho umepatikana, na tangu hapo picha ya ufunguo na kufuli hujirudia kila mtu anapozungumzia ugumba wa wanaume au uzazi wa mpango kwa wanaume: ufunguo tunao, kilichobaki ni kuuziba au kuuchonga upya.

Na utafiti wenyewe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na picha hiyo. Ufunguo hukaa tayari muda wote. Ukiutoa mfukoni, unafungua. Protini za utando wa mbegu haziko hivyo. Kwa sehemu kubwa ya safari zinafichwa, zinakatwa, zinafunikwa na protini nyingine, zinahamishwa kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, na mwisho zinafunuliwa kwa muda mfupi tu. Mbegu inapoligusa yai, shauri limekwisha kuamuliwa kwa kiasi kikubwa. Anayetaka kujua kwa nini mbegu inayoonekana nzima inashindwa kulitungisha yai, aanze na saa zilizotangulia.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mbegu ya kiume ni seli bubu. Ndani ya korodani DNA yake hukazwa kwa protini maalumu ziitwazo protamini hadi jeni haziwezi tena kusomwa, na mitambo ya kuunda protini hutupwa pamoja na sehemu kubwa ya ute wa seli. Kuanzia hapo haiundi protini mpya za maana. Inaishi kwa kupanga upya ilizonazo na kwa kupokea nyingine kutoka nje. Upokeaji huo hufanyika zaidi kwenye epididimisi, mrija mwembamba uliojikunja ambao kwa mwanaume ukinyooshwa hufika kama mita 6. Humo baadhi ya protini za utando hukatwa na kuachwa: TEX101, iliyoandamana na mbegu tangu korodani, hung'olewa njiani kazi yake ikiisha. Nyingine hubandikwa. CD52 hutengenezwa na kuta za mrija, kisha hujichomeka kwenye utando wa mbegu kwa mkia wake wa mafuta. DEFB126 huifunika mbegu kama koti zito lenye sukari aina ya asidi ya sialiki, na koti hilo si pambo: wanaume waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili badiliko fulani la jeni hiyo wana mbegu zinazopenya kwa shida kwenye ute mzito, ingawa hesabu na mwendo wake ni wa kawaida. Mwishowe majimaji ya tezi nyingine huongeza tabaka juu ya tabaka.

Mbegu iliyopita huko imekomaa. Inaogelea. Lakini haiwezi kutungisha yai hata ukiiweka kando yake, na hili lilionekana mwaka 1951, pale M. C. Chang nchini Marekani na C. R. Austin nchini Australia, kila mmoja kivyake, walipogundua kwamba mbegu lazima zikae kwanza saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike. Wataalamu huiita hatua hiyo kapasitesheni. Kiswahili kina maneno mawili yanayoieleza vizuri kuliko istilahi yenyewe. Tunda huweza kukomaa na bado likawa halijaiva. Ukilichuma limejaa, gumu, ukubwa wake umetimia, lakini haliliki. Mbegu hukomaa kwenye epididimisi, na huiva ndani ya mwili wa jike. Mkanganyiko mwingi ninaousoma unatokana na kuzichukulia hatua hizi mbili kama moja.

Kuiva ni nini hasa? Ni kuvuliwa. Koti la protini zilizobandikwa linaanza kuachia, kisha kolesteroli inanyonywa kutoka kwenye utando na albumini iliyomo katika majimaji ya mirija ya uzazi. Kolesteroli ndiyo iliyokuwa ikiukaza utando, na ikipungua, protini zinaanza kusogea pembeni na kukusanyika upya. Wakati huohuo baikaboneti, ambayo kwenye epididimisi ilikuwa kidogo, inaingia ndani ya seli na kuamsha kimeng'enya kinachozalisha cAMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli. cAMP inaamsha kinasi A, kimeng'enya cha kubandika fosfeti, na protini nyingi za mkia zinaanza kubandikwa fosfeti. Mlango wa potasiamu, SLO3, unafunguka na kuufanya upande wa ndani wa utando uwe hasi zaidi. Asidi ya ndani inapungua. Kisha inafunguka milango ya kalsiamu, na mkia ulioyumba kwa utaratibu unaanza kupiga mijeledi mipana isiyo sawa. Bila mijeledi hiyo mbegu haiwezi kujibandua kwenye kuta za mrija wa uzazi ilikojishikiza, wala kutoboa ganda la yai.

Maabara huiga yote haya kwa kimiminika kimoja. Kwa mbegu za panya mapishi ya kawaida ni baikaboneti milimoli 25 kwa lita, kalsiamu karibu milimoli 2, na albumini miligramu 4 kwa mililita, kwenye nyuzi 37 za Selsiasi na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi. Panya huhitaji kama saa 1 hadi 2. Mbegu za binadamu huchukua saa kadhaa. Za fahali ni ngeni zaidi: huongezewa heparini, kwa kawaida mikrogramu 10 kwa mililita kwa takriban saa 4, kwa sababu koti lao lina protini za BSP zinazoshikana na heparini na hivyo kusaidia kulegeza utando. Makosa ya hapa yana sura inayotabirika. Kimiminika kikiachwa mezani nje ya kabati lake, kaboni dayoksaidi hutoroka, pH hupanda, na mbegu huanza kubadilika kwa sababu isiyo ile uliyoikusudia. Albumini ikisahaulika, mbegu zitaogelea vizuri tu lakini hazitaiva. Zikichelewa kutenganishwa na majimaji ya manii, zinabaki na vizuizi vyake. Na kuna mtego wa wanafunzi: ukipima fosfeti zilizobandikwa kwenye tairosini, moja ya asidi amino zinazounda protini, za mbegu za panya, utaona mstari mnene wa protini yenye uzito wa kilodalitoni 116 hata kwa mbegu ambazo hazijaiva kabisa. Huo ni wa heksokinasi, kimeng'enya cha kuvunja sukari, upo saa zote. Anayeusoma kama dalili ya kuiva amejidanganya; kinachotafutwa ni mistari mingine inayojitokeza kadiri dakika zinavyokwenda.

Milango ya kalsiamu niliyoitaja inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana inaonyesha kwa nini kuorodhesha protini hakutoshi. Inaitwa CatSper na iligunduliwa mwaka 2001. Tundu lenyewe limeundwa na protini nne, CATSPER1 hadi CATSPER4, na kuzizunguka kuna kundi zima la wasaidizi. Muundo wake ulipochorwa kwa hadubini ya elektroni mwaka 2021, wachoraji walikuta hata protini ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya awali. Katika panya, ukiondoa moja kati ya zile nne, tundu zima linatoweka na dume ni mgumba. Lakini kuwapo kwake pekee hakutoshi. CatSper hujipanga kwenye mkia kwa mistari minne iliyonyooka, kama mishono minne ya urefu wote wa vazi, na mbegu ambazo mishono hiyo imevurugika haziogelei inavyopaswa. Zaidi ya hayo, kwa binadamu mlango huu husukumwa na projesteroni inayotoka kwenye seli zinazolizunguka yai. Kwa panya projesteroni haifanyi kazi hiyo. Mlango ni uleule, kengele zake ni mbalimbali.

Upande wa kichwa kisa ni kilekile. IZUMO1, nyota wa habari za ufunguo, ilitambuliwa Japani mwaka 2005 na kupewa jina la hekalu la ndoa la nchi hiyo. Mwenzake wa upande wa yai, JUNO, alitambuliwa Uingereza mwaka 2014. Ukimwaga kingamwili za IZUMO1 juu ya mbegu hai, mpya, hutaona kitu, kwa kuwa protini hiyo imefungiwa kwenye tando za akrosomu, kile kifuko kinachofunika ncha ya kichwa. Ni mpaka akrosomu ipasuke, utando wake wa nje uungane na utando wa seli na vimeng'enya vimwagike, ndipo IZUMO1 inapofunuliwa na kutiririka hadi ukanda wa katikati ya kichwa, pale mbegu itakapoungana na yai. Tulizoea kufundisha kwamba akrosomu hupasuka ikishagusa ganda la yai. Mwaka 2011 mbegu za panya zilifuatiliwa kwa video zikiwa na alama inayong'aa, ikaonekana kuwa nyingi ya zile zilizofanikiwa zilikuwa zimekwisha kupasuka kabla ya kulifikia ganda. Na kuna ushahidi ambao, kwa maoni yangu, ungepaswa kunukuliwa kila panapotajwa neno ufunguo: panya waliokosa kinasi iitwayo TSSK6 wana IZUMO1 yao, akrosomu zao zinapasuka, ila IZUMO1 haihami kwenda inakotakiwa. Mbegu hizo haziungani na yai. Kitu kipo, lakini hakipo mahali pake.

Sasa tuwape haki yao wanaoutetea ufunguo. Hoja yao yenye nguvu ni ya jeni. Panya dume asiye na IZUMO1 ana mbegu zinazoogelea, zinazoiva, zinazotoboa ganda; ukiangalia yai unaziona zimerundikana kati ya ganda na utando wa yai, hakuna hata moja iliyoungana nalo. SPACA6, TMEM95, FIMP, SOF1, DCST1 na DCST2, na sasa TMEM81, zimetoa picha inayofanana na hiyo. Huwezi kuona hilo ukaendelea kusema hatua ya mwisho ni ya kupuuzwa, na mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba kitu kisichoweza kukosekana si lazima kiwe ndicho kinachokosekana mara nyingi. Gari halitembei bila gurudumu, lakini si kila gari lililosimama lina tatizo la gurudumu.

Historia pia inapaswa kututia adabu. Fertilini, protini ya utando wa mbegu, ilisifiwa kwa miaka kama mashine ya kuunganisha mbegu na yai. Panya walipoondolewa jeni yake ya beta mwaka 1998, kasoro kubwa ikaonekana kwenye safari ya ndani ya jike na kushikamana na yai, na hatimaye IZUMO1 ikachukua kiti. Akrosini, kimeng'enya kilichoaminika kutoboa ganda la yai, ilionekana si ya lazima kwa panya mwaka 1994. Watu wakaifuta vitabuni. Mwaka 2020 ikaondolewa kwa hamsta, na hamsta madume wakawa wagumba kabisa, mbegu zao zimekwama kwenye ganda. ADAM3, nayo protini ya utando wa mbegu, ni ya kuchekesha zaidi: kwa panya ni roho ya mambo, bila hiyo mbegu hazipiti kiungo cha mji wa mimba na mrija wa uzazi, na jeni nyingi zinazoonekana muhimu kwa uzazi wa panya ni muhimu kwa sababu tu ndizo zinazoiandaa ADAM3. Kwa binadamu jeni hiyo ni gofu, haitengenezi protini inayofanya kazi. Mwaka 2016 kundi la Osaka likachapisha orodha ya jeni 54 zinazofanya kazi zaidi korodanini, zilizohifadhiwa katika mageuzi, ambazo panya walizikosa na bado wakazaa. Kwa hiyo mtu anapokuletea protini mpya ya utando, swali la kwanza liwe: kwa mnyama gani, na kwenye hatua ipi?

Kuna hoja nyingine inayotoka upande wa pili kabisa, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa inatamkwa kwa kujiamini. Inasema: tangu mwaka 1992 tunaweza kuchoma mbegu moja kwa sindano ndani ya yai, mtoto anazaliwa, basi utando na protini zake zote havina umuhimu wa kitabibu. Hoja hii inachanganya kukwepa mlango na kuthibitisha kuwa mlango hauna kazi. Sindano inathibitisha kwamba kiini cha mbegu na protini ya kuliamsha yai vinatosha vikishafikishwa ndani. Haisemi lolote kuhusu sababu iliyomfanya mwanaume huyo ahitaji sindano. Hata kukwepa kwenyewe si kukamilifu. Mbegu zenye kichwa cha duara kisicho na akrosomu, zikichomwa ndani ya yai, mara nyingi haziliamshi, na maabara hulazimika kuongeza kemikali ya kuingiza kalsiamu. Kwa ng'ombe sindano ina matokeo hafifu, na sehemu ya sababu inayotajwa ni kwamba mbegu ya fahali inaingia ndani ya yai ikiwa bado imevaa utando na akrosomu yake, vitu ambavyo kwa njia ya kawaida vingebaki nje. Ndiyo maana watafiti hujaribu kuuvua utando kwanza. Ajabu ya hoja hiyo ni kwamba sindano yenyewe inatukumbusha kazi ya utando.

Matokeo ya kuamini ufunguo yanaonekana zaidi kwenye vipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataja mipaka ya chini ya manii: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 ziwe zinatikisika na asilimia 30 zisonge mbele, umbo la kawaida asilimia 4. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachouliza kama mbegu inaweza kuiva. Mwanaume aliyekosa CATSPER2 anaweza kuivuka mipaka yote hiyo, akaambiwa ugumba wao hauna sababu, mkewe akapitishwa kwenye matibabu, yai likawekwa pamoja na mbegu kwenye sahani ya maabara na kusitokee kitu. Sindano ingewasaidia tangu mwanzo. Kipimo kinachofaa si cha ajabu: mbegu ziwekwe kwenye kimiminika cha kuivisha, ziangaliwe kama zinabadilisha mwendo, ziongezewe projesteroni na kutazamwa kama kalsiamu inapanda ndani yake, kisha zipakwe rangi ya lektini, protini inayonasa sukari, kuhesabu ngapi zimepasua akrosomu kwa wakati wake na ngapi zilipasua mapema mno. Hili la mwisho lina uzito sawa na kutopasuka. Mbegu iliyoiva kabla ya saa imepoteza silaha njiani. Wanaohifadhi mbegu za mifugo wanalijua vizuri, kwa sababu kugandisha hadi nyuzi 196 chini ya sifuri na kuyeyusha hutikisa mafuta ya utando kiasi kwamba baadhi ya mbegu hutoka kwenye kijirija cha kuhifadhia zikiwa na dalili za kuiva, na maisha yaliyobaki kwao ni mafupi. Ndiyo sababu uhimilishaji kwa mbegu zilizogandishwa hausamehe kosa la saa.

Mifugo pia ndiyo iliyotupa mfano safi wa kile ambacho hadubini haioni. Mwaka 2014 ilibainika kwamba baadhi ya mafahali wa aina ya Fleckvieh walikuwa na jeni ya TMEM95 iliyokatishwa njiani. Manii yao yalipita ukaguzi wa kituo kama ya mafahali wengine. Majike waliohimilishwa kwa mbegu hizo walishika mimba kwa chini ya asilimia 2. Anayetaka kutumia ushahidi huo kuutetea ufunguo anaruhusiwa. Mimi naona unasema zaidi kuhusu ukaguzi unaoridhika na mbegu kutikisika.

Kwenye uzazi wa mpango picha ya ufunguo inapotosha kwa namna ya moja kwa moja zaidi. Watu wanasoma habari za TMEM81 na kungoja kidonge cha mwanaume kitakachoiziba. Lakini IZUMO1, protini inayoungana nayo, mbegu ikiwa bado ndani ya mwanaume, imefunikwa chini ya tando. Kingamwili kwenye damu au majimaji yake haitaifikia. Ikifunuliwa, mbegu iko tayari ndani ya mwanamke, kwa hiyo dawa ya kuziba fungu hilo ingetakiwa ikae upande wa mwanamke. Anayetaka kumpa mwanaume dawa lazima alenge kilicho wazi mapema au kinachohitajika katika kuiva. Protini iitwayo EPPIN iko juu ya mbegu tangu mwanzo, na mwaka 2004 kima madume 7 kati ya 9 waliochanjwa dhidi yake na kupata kingamwili nyingi walishindwa kuzalisha. Chanjo ilipositishwa, 5 kati ya hao 7 walirudi kuzalisha. Dawa ya kuziba SLO3 ya binadamu, iliyotangazwa mwaka 2023, inazuia mijeledi ya mkia na kupasuka kwa akrosomu kwenye sahani ya maabara. Mwaka huohuo kizuizi cha kile kimeng'enya kinachoamshwa na baikaboneti, ambacho hata si protini ya utando, kilipewa panya madume kwa dozi moja: kwa saa 2 za kwanza hakuna jike aliyeshika mimba, saa ya 3 kinga ikawa asilimia 91, na kesho yake uwezo wa kuzalisha ulikuwa umerudi.